Kununua nyumba Uingereza kwa mkopo: jinsi ya kumtumia broka, hatua kwa hatua

Kila wiki napokea ujumbe uleule, kinachobadilika ni jina la mtumaji tu: "Dada, nimeona nyumba nzuri, nianzie wapi?" Na mimi jibu langu ni lilelile. Nyumba iache kwanza, haina miguu. Anzia kwa broka wa mikopo.

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya wauguzi, wahudumu wa wazee, madereva na wengine wote walio huku kwa visa ya kazi, ambao kodi ya pango inawamaliza na wanatamani nyumba yao wenyewe. Nimezungumzia England. Uskochi ina sheria zake za ununuzi, na Uskochi na Wales kila moja ina ushuru wake wa kununua nyumba, hivyo ukiwa huko tumia hatua hizi lakini hesabu za ushuru zitafute upya. Aliye Dar, Nairobi au Muscat na anataka kununua akiwa hukohuko nimemwekea sehemu yake karibu na mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwetu ukisema dalali mtu anashika mfuko. Huku kuna watu wawili tofauti. Dalali wa nyumba anamwakilisha muuzaji, na kazi yake ni kupata bei kubwa. Broka wa mikopo anakutafutia wewe benki itakayokukopesha, anaandaa maombi yako na kuyasukuma hadi funguo zipatikane. Kila benki ina masharti yake, na mengi huyaoni kwenye matangazo. Mara ya kwanza mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye benki inayopokea mshahara wangu. Walinikataa ndani ya dakika kumi, sababu visa ilikuwa imebaki miezi 14. Nikarudi nyumbani nikiamini kwamba wenye visa hawakopeshwi. Mwaka uliofuata broka akanieleza kwamba benki ile ilitaka visa iliyobaki miaka 2, na kwamba benki nyingine, jengo la tatu kutoka pale, haikuwa na sharti hilo kabisa. Mwaka mzima wa pango ulikwenda hivyo, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujapiga simu

- Pasipoti, na eVisa yako ikiwa inafunguka. Jua kwa kichwa tarehe visa inapoisha.
- Salari slipu za miezi 3 na P60 ya karibuni, ile karatasi ya mwaka ya mshahara na kodi kutoka kwa mwajiri. Uliyejiajiri, andaa hesabu za kodi za miaka 2.
- Taarifa za benki za akaunti zako zote. Wengi huomba miezi 3, wewe toa 6.
- Ushahidi wa pesa ya kianzio, yaani pesa yako mwenyewe unayotanguliza kwenye bei, tangu ilikotoka hadi ilipo sasa.
- Anwani zote ulizoishi miaka 3 iliyopita, pamoja na tarehe za kuingia na kutoka.
- Ripoti zako za historia ya mikopo kutoka Experian, Equifax na TransUnion. Zote tatu, maana kila benki inaangalia ya kwake. Kisheria unazipata bure.
- Orodha ya madeni yote: gari, kadi, simu ya mkataba, na mkopo wa SACCOS uliouacha nyumbani. Huo nao ni deni.

Hatua ya 1: Weka jina na anwani sawa, ikiwezekana miezi 6 kabla

Sisi tuna majina matatu na tunayatumia tunavyojisikia. Pasipoti inasema Asha Juma Ali, benki inasema Asha Ali, kampuni ya umeme imeandika Asha Juma. Kwa kompyuta ya mkopeshaji hao ni watu watatu, na hakuna hata mmoja mwenye historia ya kutosha. Kaa chini jioni moja, pigia benki, kampuni ya simu, ya umeme na ya maji, kila mahali jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Hakikisha na anwani imeandikwa kwa namna moja, hasa kama unaishi fleti yenye namba mbili.

Halafu jiandikishe kupiga kura. Hapa watu hunishangaa. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kuwa kwenye daftari la wapiga kura, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Mashirika ya historia ya mikopo hulitumia daftari hilo kuthibitisha kwamba kweli unaishi unapodai. Kujiandikisha ni bure na kunafanyika mtandaoni. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawana haki hiyo, lakini wanaweza kuyapelekea mashirika hayo ushahidi wa makazi na kuomba maelezo yaongezwe kwenye ripoti.

Historia yako ya mikopo ya nyumbani haivuki bahari. Hata kama ulikuwa mlipaji hodari Nairobi, huku unaanza na ukurasa mweupe. Kadi moja ndogo ya mkopo, inayotumika kwa mafuta ya gari au chakula na kulipwa yote kila mwezi, inatosha kuanza kuujaza.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kianzio pamoja na ushuru wa stempu

Mtu huniambia, "Nina pauni 25,000, nyumba ni 250,000, hiyo si asilimia 10?" Ni asilimia 10 kama hudaiwi kitu kingine chochote. Kuna wakili, kuna ukaguzi wa nyumba, na kuna ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali ya kununua nyumba, ambao kwa watu wetu ndio unaovunja mahesabu.

Tangu tarehe 1 Aprili 2025, anayenunua nyumba ya kwanza halipi ushuru hadi pauni 300,000, ilimradi bei ya nyumba isizidi 500,000. Lakini nyumba ya kwanza maana yake ni ya kwanza duniani kote. Ukiwa umewahi kumiliki nyumba Kibaha, Kitengela au Kiembesamaki, hata ya urithi, wewe si mnunuzi wa mara ya kwanza. Mkinunua wawili, inabidi wote wawili wawe wa mara ya kwanza.

Kuna zaidi. Kama bado unaimiliki hiyo nyumba ya nyumbani na thamani ya sehemu yako ni pauni 40,000 au zaidi, yaani zaidi ya milioni 100 za Tanzania, unaongezewa asilimia 5 ya bei yote. Mume na mke wanahesabiwa pamoja, kwa hiyo nyumba iliyo kwa jina la mwenzako nayo imo.

Tazama nyumba moja ya pauni 250,000 ikinunuliwa na watu watatu:

- Hajawahi kumiliki nyumba popote: ushuru 0.
- Aliwahi kumiliki, akauza zamani: pauni 2,500.
- Ana nyumba Kigamboni yenye thamani ya kufikia kiwango hicho: pauni 15,000.

Huyo wa tatu kianzio chake cha 25,000 kimebaki 10,000. Mwambie broka habari za nyumba hiyo siku ya kwanza. Kiwanja kitupu hakihesabiki. Nyumba iliyo katikati ya ujenzi ni swali la wakili, na uliulize mapema, kwa maandishi. Usifuate ushauri wa "nyamaza tu, hawataijua." Fomu ya ushuru inasainiwa kwa jina lako, na mwenye visa ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuwa na tamko la uongo serikalini.

Hatua ya 3: Tafuta broka watatu na uwachunguze

Waulize wenzako kazini, hasa waliopata mkopo wakiwa na visa kama yako. Chukua majina matatu. Kisha, kabla ya kutuma hata pasipoti, ingia kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza. Kila kampuni ya broka ina namba ya rejista, na kwa kawaida imeandikwa chini kabisa ya tovuti yao. Angalia mambo matatu: jina linalingana, kampuni ina ruhusa ya kushauri kuhusu mikopo ya nyumba, na simu iliyo kwenye rejista ndiyo hiyo unayopigiwa. Matapeli huiba jina na namba ya kampuni halali wakaweka simu yao. Piga ile iliyo kwenye rejista.

Ukiona kampuni imeandikwa kuwa ni mwakilishi wa kampuni nyingine, usishtuke. Broka wengi wadogo hufanya kazi chini ya mtandao mkubwa unaobeba dhamana yao. Asiyeonekana kabisa kwenye rejista, achana naye hata kama ni mtu wa nyumbani, anaongea Kiswahili kizuri na mnasali pamoja.

Hatua ya 4: Muulize maswali haya kwenye simu ya kwanza

Simu ya kwanza karibu kila mahali ni bure. Andika majibu.

"Unaangalia soko zima au benki chache tu?" Wengine wanafanya kazi na orodha fupi ya wakopeshaji, na wanawajibika kukwambia. Kwa mwenye visa orodha fupi ni tatizo, maana benki inayokufaa huenda haimo.

"Unalipwaje?" Broka hupata kamisheni kutoka kwa benki mkopo ukikamilika, kwa kawaida karibu na asilimia 0.4 ya mkopo. Kwenye pauni 180,000 hiyo ni kama 720. Baadhi wanaridhika nayo, wengine wanakutoza na wewe pauni mia chache juu yake. Kulipa si kosa kama kesi yako ni ngumu, lakini ujue ni kiasi gani, unalipa lini, na kama inarudi mkopo ukikataliwa. Anayetaka pesa nyingi mwanzoni kabla hajatazama karatasi zako, mkimbie.

"Umewahi kuwapatia mkopo watu wangapi wenye visa kama yangu, na benki zipi zinanikubali leo?" Broka mzuri hapa hasiti. Atakuuliza umeingia nchini lini, visa imebaki muda gani, una kianzio cha asilimia ngapi, kisha atakutajia benki mbili tatu palepale. Akisema tu "hakuna shida, nitaangalia", mpigie yule wa pili.

"Shifti za ziada mnazihesabuje?" Swali hili lina pesa nyingi ndani. Chukua muuguzi wa mshahara wa pauni 36,000 mwenye shifti za ziada za 6,000 kwa mwaka, kwa mkopeshaji anayetoa mara 4.5 ya kipato. Benki isiyozihesabu shifti itampa hadi 162,000. Inayohesabu nusu, 175,500. Inayozihesabu zote, 189,000. Mtu ni yuleyule na karatasi ni zilezile.

Asiyetaka mkopo wa riba aseme hapo hapo mwanzoni. Uingereza kuna benki za Kiislamu zinazotoa ununuzi wa nyumba kwa ubia unaopungua, ambapo benki na wewe mnaimiliki nyumba pamoja na unanunua sehemu yake kidogo kidogo huku ukilipa kodi ya pango ya sehemu iliyobaki. Mpango huo nao uko chini ya FCA, na sheria ya mwaka 2003 ilihakikisha ushuru wa stempu hautozwi mara mbili kwa sababu nyumba imepitia mikononi mwa benki. Wakopeshaji ni wachache na kianzio mara nyingi ni kikubwa, hivyo tafuta broka anayeifahamu njia hiyo.

Hatua ya 5: Mfungulie kila kitu, hasa taarifa za benki

Broka wangu alikuwa mama mtu mzima mwenye kalamu ya njano. Aliziweka taarifa zangu za miezi 6 mezani, akawa anapita mstari kwa mstari bila kusema kitu. Kila alipopaka rangi, moyo ulinidunda. Mwisho wa kazi kulikuwa na mistari 23 ya njano. Sita ilikuwa "Mama Zai 400", ikitoka kila mwezi. Akaniuliza, "Huyu unamdai au anakudai?" Ulikuwa mchezo wetu wa wanawake 10, kila mwezi mmoja anapokea. Kwangu ni jambo la kila siku, lakini kwa mkopeshaji linasomeka kama deni la siri. Aliniandikisha barua ya nusu ukurasa ikieleza mchezo unavyozunguka, nani kapokea mwezi gani, na kwamba umekwisha. Benki haikuuliza tena.

Basi kaa na zako uzipake mwenyewe kabla. Angalia haya:

- Upatu, mchezo au chama: ueleze kwa barua, au ujitoe miezi kadhaa kabla.
- Pesa za kutuma nyumbani kila mwezi kwa kiasi kilekile: benki inaweza kuzihesabu kama wajibu wa kudumu. Usizifiche, zijumuishe kwenye bajeti.
- Kubeti. Hata pauni 5 za mpira, zikijirudia, zinasomwa vibaya.
- Akaunti kwenda hasi katikati ya mwezi.
- Pesa taslimu ulizoweka benki mwenyewe. Hizi ndizo ngumu kuliko zote kueleza.

Kianzio kinachotoka nyumbani kina kazi ya ziada. Wakili na benki wanatakiwa kisheria kujua chanzo cha pesa, na nchi ikiwa kwenye orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, wanauliza mara mbili. Tanzania iliingia Oktoba 2022 ikatolewa Juni 2025. Kongo iliingia Oktoba 2022 pia, na Kenya Februari 2024. Kwa hiyo kama umeuza kiwanja, andaa mkataba wa mauzo, taarifa ya benki inayoonyesha malipo yakiingia, na risiti ya kuhamisha pesa. Karatasi iliyo kwa Kiswahili itafsiriwe na mfasiri anayetambulika. Pesa iliyopita M-Pesa, omba taarifa rasmi ya akaunti, picha za skrini hazisaidii. Na itumwe kwa mkupuo mmoja kutoka kwa mwenye pesa hadi kwako. Kuipitisha kwa binamu watatu ili "isionekane nyingi" ndiko kunakoifanya ionekane chafu.

Kama ni zawadi ya mzazi, ataandika barua kwamba haitaki irudishwe na hadai sehemu ya nyumba, na yeye pia ataombwa kitambulisho na taarifa za benki. Mzee aelezwe mapema na kwa adabu, asije akadhani anapekuliwa.

Kosa kubwa la hatua hii ni kumficha broka jambo. Yeye si afisa uhamiaji. Anachokijua anaweza kukitafutia benki inayokivumilia, asichokijua kitalipuka wiki ya mwisho. Na kudanganya kwenye maombi ni kosa la jinai, ambalo linaweza kukuwekea alama ya udanganyifu kwa miaka 6 kwa wakopeshaji wote.

Hatua ya 6: Pata kibali cha awali, kisha ndiyo utazame nyumba

Broka atakuombea kibali cha awali, karatasi ya benki inayosema kwamba kwa taarifa ulizotoa ingekukopesha kiasi fulani. Kinadumu siku 30 hadi 90. Muulize kama upekuzi wa historia yako utakuwa wa juu juu au ule unaoacha alama. Alama nyingi ndani ya muda mfupi zinakushusha, kwa hiyo usiombe benki tano mwenyewe jioni moja "kujaribu bahati". Broka mmoja, benki moja kwa wakati mmoja.

Kibali hiki si ahadi. Usimpigie mama kumwambia umepata nyumba.

Hatua ya 7: Weka ofa bila kuyumbishwa

Dalali wa nyumba atakuuliza kama una kibali, mwonyeshe. Mara nyingi atakuambia uongee na broka wa ofisi yao "kuhakikisha tu". Kuongea si dhambi, lakini hulazimiki kumtumia, na hairuhusiwi kukunyima nafasi au kutopeleka ofa yako kwa muuzaji kwa sababu umemkataa. Pia usimwambie broka wao kiwango cha juu unachoweza kulipa. Anakaa chumba kimoja na dalali wa muuzaji.

Fleti nyingi za England zinauzwa kwa miaka, kama hati zetu za miaka 33, 66 au 99. Kabla ya ofa uliza imebaki miaka mingapi. Ikikaribia 80 kwenda chini, mpigie broka kwanza, kwani wakopeshaji wengi hukataa na kuongeza miaka kunakuwa ghali.

Hatua ya 8: Chagua mkopo kwa jumla ya gharama

Ofa ikikubaliwa, broka atakupa karatasi ya mapendekezo yenye riba, ada na malipo ya kila mwezi. Watu hukodolea macho riba. Wewe jumlisha. Kwenye mkopo wa 180,000, tofauti ya riba ya asilimia 0.2 ni kama pauni 360 kwa mwaka, yaani 720 kwa miaka 2. Kama mkopo huo wenye riba ndogo una ada ya 999, umepata hasara.

Uliza pia faini ya kutoka kabla ya muda. Wengi huchukua riba isiyobadilika kwa miaka 2 au 5, na kuvunja katikati kunagharimu asilimia kadhaa ya deni. Fikiria visa yako na mipango yako ya kurudi nyumbani kabla ya kujifunga miaka 5.

Hapa broka atakuuzia na bima. Bima ya jengo ni lazima. Bima ya maisha si sharti la sheria, ingawa mwenye watoto namshauri awe nayo. Ila usiisaini siku hiyohiyo. Nenda nayo nyumbani, linganisha bei.

Hatua ya 9: Maombi kamili hadi funguo

Broka anapeleka maombi, benki inatuma mthamini. Mthamini ni wa benki. Nyumba ikiwa na unyevu au paa bovu anaweza asikuambie, hivyo lipia mkaguzi wako. Barua ya mkopo ikitoka huwa hai kwa miezi kadhaa, mara nyingi 6. Wakili anafanya upekuzi wake, mnabadilishana mikataba ukilipa kianzio, kwa kawaida asilimia 10, na kuanzia hapo ukijitoa umeipoteza. Siku ya kukamilisha unapewa funguo, na ushuru wa stempu unalipwa ndani ya siku 14.

Tangu maombi hadi funguo usibadilishe kazi, usichukue gari kwa mkopo, usifungue kadi mpya.

Na hili liandike ukutani: akaunti ya kutuma pesa ya wakili haibadiliki kwa barua pepe. Matapeli huingia kwenye barua pepe, wanasubiri wiki ya malipo, kisha wanaandika kwa jina la wakili kwamba benki imebadilika. Piga simu kwa namba uliyopewa ana kwa ana au iliyo kwenye barua ya kwanza, msomewe namba ya akaunti, ndipo utume. Anza na pauni 1, wathibitishe imefika.

Ukiwa Dar, Nairobi au Muscat

Inawezekana, lakini mlango ni mwembamba. Kipato cha shilingi au riali kinaufanya mkopo wako uwe wa fedha za kigeni, na wakopeshaji wengi wa kawaida waliachana na kundi hilo baada ya sheria za mwaka 2016 kuwaongezea wajibu. Utahitaji broka wa wateja wa nje na kianzio cha asilimia 25 au zaidi. Asiyekuwa nchini siku 183 katika mwaka kabla ya kununua anaongezewa ushuru wa asilimia 2. Kwa ile nyumba ya 250,000, mwenye nyumba nyingine nyumbani anafika pauni 20,000. Kumbuka pia kwamba mikopo ya nyumba za kupangisha mara nyingi haiko chini ya ulinzi wa FCA, kwa hiyo mambo mengi ya kinga niliyoyataja hayakufikii. Mchunguze broka wako mara mbili.

Ikikwama

*Nimekataliwa.* Usiombe kwingine siku hiyo. Mtake broka sababu, chukua ripoti tatu za historia upya, tafuta kosa. Ukikuta deni lisilo lako limeandikwa kwenye ripoti yako kimakosa, lipinge kwa maandishi.

*Mthamini ametaja bei ndogo kuliko ofa.* Rudi kwa muuzaji na barua hiyo mkononi, omba punguzo. Akikataa, broka ajaribu benki nyingine yenye mthamini wake, au ongeza kianzio. Usikope kwa rafiki kuziba pengo.

*Visa inaisha katikati ya safari.* Mwambie broka leo. Mara nyingi ni nafuu kuhuisha visa kwanza na kuomba mkopo ukiwa na muda mpya mbele yako.

*Benki inaendelea kuuliza kuhusu pesa za nyumbani.* Jibu maswali yote kwa mkupuo, kwa mpangilio wa tarehe, ukurasa mmoja wa maelezo juu na ushahidi chini yake. Majibu ya kudondosha kimoja kimoja yanazaa maswali mapya.

*Broka hapokei simu.* Andika barua pepe yenye kichwa "Malalamiko" kwa Kiingereza, eleza ulichoahidiwa na unachotaka. Kampuni ina wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Usiporidhika, au wakinyamaza, peleka kwa Financial Ombudsman Service ndani ya miezi 6 tangu jibu hilo. Huduma yao ni bure, huhitaji wakili, na ukiomba mkalimani wa Kiswahili watakusikiliza.